Mazoezi ya kushona vidonda kwenye ngozi bandia: ninunue pedi ya silikoni au ni kupoteza hela?

Tabibu Mtarajiwa
Wakuu habari za jioni. Nipo mwaka wa pili stashahada ya utabibu, chuo kimoja huku kanda ya ziwa. Muhula ujao tunaanza mzunguko wa wodini na chumba cha upasuaji mdogo. Nikimwangalia mwenzangu wa mwaka wa tatu akishona naona mikono yake inajua inakokwenda. Yangu bado kabisa. Pedi za mazoezi chuoni ni chache na darasa ni kubwa, ukipata zamu unapiga nyuzi mbili tatu unampisha mwenzio.

Sasa kuna seti zinauzwa mtandaoni na kwenye maduka ya vifaa tiba Kariakoo: pedi ya silikoni yenye majeraha yaliyokwisha kukatwa, koleo ya kushikia sindano, kibano, mkasi na pakiti kadhaa za nyuzi. Kwa waliopita njia hii, kile kitu kinafundisha kweli au ni pambo la mezani? Na kama mfuko hauruhusu, mbadala wake ni nini? Mimi sijui hata nianze na mshono upi.

Kaa Pembeni
Siti ya mbele. Wajuzi wanakuja.

Fundi Nyuzi
Mkuu, nimefanya kazi kama daktari msaidizi miaka mingi, thieta na mapokezi ya ajali, na wanafunzi wa kila aina wamesimama pembeni yangu. Nunua kama unaweza, ila ujue pedi itakupa nini na itakunyima nini.

Itakupa mwendo wa mkono. Sindano ya ngozi imepinda, kwa hiyo inataka kuzungushwa, haitaki kusukumwa. Ishike na koleo sehemu ya theluthi mbili kutoka kwenye ncha, yaani karibu zaidi na upande wa uzi lakini sio pale uzi unapoungana na sindano, maana pale ni dhaifu na pananyongeka. Ncha iingie kwenye ngozi wima kabisa, pembe ya digrii 90, halafu kifundo cha mkono ndicho kinageuka, kama unafungua kitasa. Anayesukuma moja kwa moja, silikoni inachanika au sindano inapinda. Hapo pedi ni mwalimu mkali na ninaipenda kwa hilo.

Umbali wa kuingia kutoka ukingo wa jeraha uwe sawa na umbali wa kutokea upande wa pili, na kina kiwe sawa. Kwa mkono au mguu, milimita 5 hivi kutoka ukingoni inatosha. Usoni unakaribia zaidi, milimita 2 au 3, na uzi unakuwa mwembamba, 5-0 au 6-0. (5-0 ni sifuri tano, 6-0 ni sifuri sita. Sifuri zikiongezeka uzi unapungua unene. Wengi huwa wanageuza.) Kwenye pedi tumia nailoni 3-0. Hariri inafunga fundo kirahisi na inakubembeleza, lakini kwa ajali za bodaboda utakutana na nailoni, na nailoni ina ukaidi, inataka kujirudi ilivyokuwa kwenye pakiti. Izoee mapema.

Sasa inachokunyima. Silikoni haivimbi. Mgonjwa uliyemshona leo, kesho na keshokutwa ngozi yake inajaa, na uzi uliokazwa sana unaanza kukata nyama na kuacha alama kama ngazi. Pedi haitakulalamikia hata ukiinyonga. Kwa hiyo jiwekee sheria: kingo zikigusana, simama. Ukiona pedi imekunjamana chini ya fundo, kata urudie.

Halafu yale majeraha yaliyokatwa kiwandani yamenyooka mno. Panga halikati hivyo, na lami ndiyo kabisa. Ukishayazoea, chukua wembe ukate ya kwako: jeraha lililopinda, la pembe tatu, lenye upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Hapo ndipo utajua kwa nini jeraha refu tunaweka uzi wa kwanza katikati, halafu katikati ya kila nusu. Ukianzia mwisho mmoja kwenda mwingine unafika na ngozi imebaki upande mmoja, imesimama kama sikio.

Mshono wa kuanzia ni ule wa moja moja, kila uzi na fundo lake. Usiguse mwingine mpaka huo utoke sawasawa bila kuufikiria.

Cherehani Nne
Mimi fundi nguo nimepita tu, ila hapo kwenye "usikaze sana" nakazia. Kitambaa kikikazwa uzi kinavuta. Kumbe hata binadamu!

Kijana wa Eldoret
Hamjambo wenzangu. Niko mwaka wa mafunzo ya kazini huku Kenya. Fundi Nyuzi ameongea ukweli, mimi naongeza tu mambo ya fundo kwa sababu hapo ndipo wengi tunachezea.

Ukifunga kwa kutumia koleo, vuta uzi mpaka mkia ubaki sentimita 2 au 3 tu. Ukiacha mrefu utahangaika kuukamata na utaharibu uzi bure. Koleo ikae katikati, juu ya jeraha. Zungusha uzi mrefu mara mbili kwa koleo, kamata mkia, vuta mikono ipishane. Mzunguko wa pili ni mmoja tu na unaenda upande wa kinyume, mikono inarudi ilikotoka. Ukizungusha upande uleule mara zote utapata fundo linaloteleza. Nailoni ni laini, usiishie mafundo mawili, weka manne au matano. Halafu sogeza mafundo yote upande mmoja wa jeraha, yasikalie mstari wenyewe.

Na sio lazima silikoni. Miguu ya nguruwe kwa bucha ya nguruwe ni bei nafuu na ngozi yake iko karibu sana na yetu, iko na mafuta chini na inateleza inavyofaa. Mimi nilikuwa naenda jioni wakikaribia kufunga.

Mkunga wa Ng'ambo
Asalaam aleikum. Huyo nguruwe mwacheni huko huko Eldoret, sie wa Unguja tuna ulimi wa ng'ombe, na kwa kazi ya mkunga ndio mzuri zaidi.

Mwanangu, hapa wote wanazungumzia ngozi ya juu. Ukipangiwa wodi ya wazazi utakutana na msamba uliochanika, au mama aliyeongezewa njia, na hapo pedi yako ya mezani haitakusaidia sana. Pale unafanya kazi ndani, pafinyu, taa haitoshi, damu inashuka, na mama anakwambia fanya haraka. Unaanza sentimita 1 juu ya pale mchaniko unapoishia ndani, maana mshipa wa damu huwa umejikunja kule juu, na ukiukosa unaacha mama anavuja ndani kwa ndani. Ukuta wa uke kwanza, kisha misuli, ngozi mwisho.

Namna ya kujizoeza: chukua sponji la godoro, likate mfano wa mchaniko, litie ndani ya kopo la maziwa ya unga, ulishone humo humo bila kulitoa. Vidole vitalia. Utajifunza kufunga fundo la mkono kwa kulisukuma na kidole cha shahada mpaka chini, badala ya kulivuta juu. Ulimi wa ng'ombe nao unakupa tabaka mbili, ngozi ngumu na msuli, na ule msuli ukiuvuta vibaya unachanika kama msuli wa mtu.

Tena tumia uzi unaoyeyuka, wa kutengenezwa, ule wa poliglaktini. Katigati ya zamani iliyotokana na matumbo ya wanyama bado mtu anaikuta kwenye makabati, ila inamchoma mama siku nyingi zaidi. Na mchaniko wa daraja la tatu na la nne, uliofika kwenye msuli wa haja kubwa, si wako wala si wangu. Huo unakwenda thieta kwa daktari.

Bwana Mifugo
Naona bucha zinasifiwa, nami daktari wa wanyama niseme neno. Nunua nyama iliyopimwa na kugongwa muhuri. Usiletewe mguu wa mbuzi aliyekufa mwenyewe kijijini ati "ni wa mazoezi tu". Kimeta hakijali kwamba hukuila, kinapita kwenye mchubuko wa kidole. Glavu vaa, meza osha na jiki, na nyama ya mazoezi isirudi jikoni.

Kingine, miguu ya mbuzi na makongoro mengi sokoni yamebabuliwa na moto kuondoa manyoya. Ngozi ya namna hiyo imekakamaa, inakufundisha nguvu usizozihitaji. Mwambie muuzaji akuwekee ambayo haijababuliwa, nyoa manyoya kwa wembe. Sindano iwe yenye makali, ile ambayo ncha yake ni ya pembe tatu. Ile ambayo mwili wake ni wa mviringo, haina makali, ni ya utumbo na nyama laini za ndani. Ukiitumia kwenye ngozi ya mbuzi utadhani umeishiwa nguvu, kumbe ni sindano tu.

Jembe Halimtupi
Mbona mnakuza mambo? Sisi zama zetu hatukuwa na pedi wala ulimi. Ulitazama mara moja, ya pili unashona mgonjwa, ya tatu unamfundisha mwenzio. Na tumeshona wilaya nzima.

Fundi Nyuzi
Mkuu Jembe, heshima yako. Nami nimepita humo humo. Ila yule mgonjwa wa kwanza hakujua kuwa yeye ndiye daftari. Mtoto wa miaka sita aliyechanika paji la uso, ganzi ya lidokaini ina muda wake, na kipimo chake kina kikomo kwa uzito wa mwili. Anayejifunza kushika koleo saa ile ile anamaliza muda wa ganzi kabla hajamaliza jeraha. Hapo mtoto anashikwa na watu watatu na mama yake analia mlangoni. Kama kushika koleo kunaweza kujifunziwa kwenye kipande cha mpira, sioni sababu ya mtoto kulipia.

Jembe Halimtupi
Hapo sina la kusema. Endeleeni.

Tabibu Mtarajiwa
Wakuu mmenifungua. Swali: nifanye kwa muda gani? Nina likizo wiki hii, nilitaka nijifungie siku nzima nimalize.

Daktari Kijana MZ
Usijifungie. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Toronto: madaktari waliokuwa wakisomea upasuaji walifundishwa kuunganisha mishipa midogo ya damu, masomo yaleyale kwa wote. Kundi moja lilisoma yote kwa siku moja, jingine lilisoma kidogo kidogo mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Mwezi mmoja baadaye walipopimwa, waliogawiwa wiki nne walikuwa bora. Kwa hiyo nusu saa leo, nusu saa keshokutwa, mpaka mzunguko wako uanze.

Na jirekodi kwa simu, kamera ikitazama mikono tu. Ukiangalia baadaye utashangaa mara ngapi unaachia koleo na kuishika tena bila sababu, na mara ngapi mkono wa kibano haufanyi kitu. Mimi hiyo ilinisaidia kuliko maelezo ya mtu.

Jambo moja halijasemwa na ni kubwa. Kwenye pedi hakuna damu, kwa hiyo mtu anazoea kushika sindano kwa vidole. Mkono hautofautishi, siku ya mgonjwa utafanya hivyo hivyo. Sindano ikitoka upande wa pili, ipokee kwa kibano au kwa koleo yenyewe. Ukijichoma kazini inabidi uanze dawa za kinga ya VVU haraka, ndani ya saa 72 na mapema zaidi ikiwezekana, halafu mwezi mzima wa vidonge. Zoezi la bure linakuepusha na yote hayo.

Baba wa Watatu
Samahani wataalamu, mimi sio wa fani. Naishi mbali na zahanati, watoto wanaumia kila siku shambani. Je, nikinunua hiyo seti nikajizoeza kwenye pedi, si naweza kuwashona mwenyewe nyumbani?

Fundi Nyuzi
Hapana baba yangu, na nakujibu kwa heshima kwa sababu nia ni njema. Kushona ndiyo sehemu nyepesi. Kabla ya uzi kuna kuangalia kama mshipa unaokunja kidole umekatika, kama kuna kipande cha chupa ndani, kama jeraha lina uchafu kiasi kwamba likifungwa linageuka jipu. Kuna chanjo ya pepopunda. Na kidonda cha kuumwa na mbwa mara nyingi hatukimbilii kukifunga kabisa. Kinaoshwa kwa maji na sabuni dakika 15 na mtu anapelekwa akachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo.

Wewe nyumbani bonyeza kwa kitambaa safi bila kufunuafunua mpaka damu isimame. Uchafu unaouona usafishe kwa maji safi yanayotiririka, funika, mlete. Usipake majivu, wala dawa ya meno, wala mafuta ya taa.

Mtundu wa Uyole
Turudi kwa mleta mada na mfuko wake. Pedi unaweza kuitengeneza. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua silikoni ya tyubu wanayotumia mafundi wa madirisha ya aluminiamu, ile inayotoa harufu kali ya siki. Ichanganye na konflawa kwenye kopo, umevaa glavu, dirisha wazi maana ile harufu inachoma macho. Weka rangi kidogo ukitaka. Konflawa inaifanya ikauke mpaka ndani na isinate mikononi, lakini inaanza kukaza upesi, kwa hiyo changanya kidogo kidogo.

Paka vaselini kwenye sinia, tandaza tabaka la milimita 3 hivi, hiyo ndiyo ngozi. Kabla haijakauka lazia juu yake kipande cha chandarua kilichochakaa, ukikandamize kiingie. Bila chandarua silikoni ya dirisha inachanika kila ukivuta uzi, utaichukia. Juu ya hapo gundisha sponji la godoro kwa silikoni ileile, hilo ndilo nyama na mafuta. Iache mpaka kesho yake, igeuze, kata jeraha.

Asiyeweza hata hiyo, kipande cha tyubu ya baiskeli juu ya sponji, amekwisha anza. Na ganda la ndizi lijaribu siku ukidhani umekuwa hodari. Linachanika kwa kosa dogo tu.

Msoma Zamani
Nikiongeza chumvi kwenye mada: Sushruta, mwalimu wa upasuaji wa India ya kale, wanafunzi wake walikuwa wakijizoeza kukata kwenye maboga na matango, na kushona kwenye vitambaa na ngozi laini. Na Alexis Carrel wa Lyon, Ufaransa. Mwaka 1894 Rais Sadi Carnot alichomwa kisu mjini humo, akafa kwa kuvuja damu kwenye mshipa mkubwa wa ini ambao madaktari wa siku zile hawakujua kuushona. Carrel alikuwa kijana tu. Akaenda kwa mwanamke mtarizi, Madame Leroudier, akajifunza sindano nyembamba na nyuzi laini, akajizoeza mpaka kwenye karatasi. Mwaka 1902 akachapisha namna ya kuunganisha mishipa ya damu, na 1912 akapewa Tuzo ya Nobel.

Cherehani Nne
Kumbe mwalimu alikuwa mtarizi! Kuanzia kesho bei ya kupunguza suruali inapanda.

Mkunga wa Ng'ambo
😂 Fundi, punguza wewe. Mleta mada, kitu cha mwisho upande wangu. Nyuzi zilizopita muda ukipewa na mtunza stoo kwa mazoezi, ziandike kwa kalamu nyekundu na uziweke mbali na za wagonjwa. Koleo ya mazoezi isichanganyike na seti iliyochemshwa, hata kama inafanana. Na sindano zikiisha, si kwenye ndoo ya taka ya hosteli, anayezoa ni mtu. Ziweke kwenye kopo gumu lenye mfuniko, peleka kituoni zitiwe kwenye boksi la sindano.

Tabibu Mtarajiwa
Nimeshapata sponji na tyubu ya baiskeli, ya silikoni nitatengeneza Jumamosi. Ila sikuwataarifu jambo: mimi natumia mkono wa kushoto. Koleo inanigomea kufunguka, na mkasi hauumi. Nijilazimishe kulia?

Daktari Kijana MZ
Usijilazimishe. Vifaa vingi vimetengenezwa kwa mkono wa kulia. Mtu wa kulia akikaza kidole gumba kwa kawaida anasukuma, na msukumo huo unabana makali mawili ya mkasi pamoja. Wa kushoto akisukuma vilevile, makali yanaachana na uzi unakunjwa badala ya kukatika. Dawa yake: kidole gumba kivute ndani kuelekea kiganja, usikisukume nje. Koleo nayo ishike kiganjani bila kutia vidole kwenye matundu, meno ya kifunga yafungue kwa kubana gumba na kidole cha shahada kwa kupishanisha. Koleo za mkono wa kushoto zipo kwa kuagiza, lakini kituo utakachopangiwa huenda hakitakuwa nayo, kwa hiyo jizoeze na ya kulia.

Na ukitazama video za mafunzo, zigeuze kwenye simu, kushoto iwe kulia. Programu nyingi za kuhariri video zina kitufe hicho.

Fundi Nyuzi
Hilo la kushoto, ongeza kwamba unaanzia upande wako wa kushoto wa jeraha kuja kulia, sindano ikielekea kwako au kuvuka kwenda kulia. Ukiwa na msaidizi mwambie mapema akae upande wa pili, msigongane viwiko.